Fundi wa kiyoyozi apewe mashine na cheti cha Afrika Mashariki

Oktoba 15, 2016, wajumbe wa nchi karibu 200 walikubaliana mjini Kigali kupunguza hatua kwa hatua gesi zinazotumika katika viyoyozi na majokofu. Makubaliano hayo yaliingizwa katika Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ile iliyowekwa kulinda tabaka la ozoni, na tangu siku hiyo yanaitwa Marekebisho ya Kigali. Mji wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ukapata jina katika sheria ya dunia. Ni heshima kubwa.

Sasa toka Kigali ushike barabara. Pita katika gereji za kando ya njia itokayo Mombasa kwenda Kampala, au ile ya Dar es Salaam kwenda Rusumo, umtazame fundi anapotaka kubadilisha kompresa ya kiyoyozi cha gari. Mara nyingi utamwona akichukua spana, akalegeza nati ya bomba, na gesi ikatoka ikipiga mluzi mpaka ikaisha. Ni dakika mbili tatu tu. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu gesi ile haina rangi, haina moshi, na harufu yake ni ndogo.

Wa kulaumiwa hapo si fundi. Kazi ya kuinyonya gesi ile na kuirudisha mtungini ina mashine yake, na yeye mashine hiyo hana. Wengi hawajawahi kuigusa. Hoja yangu ni kwamba mkataba wenye jina la Kigali utabaki kwenye makaratasi mpaka Jumuiya ihakikishe mashine hiyo inafika gereji, na fundi anayeijua anatambulika katika kila nchi mwanachama.

Tuanze na hesabu ndogo. Gari dogo hubeba karibu nusu kilo ya gesi iitwayo R-134a. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Kwa hiyo nusu kilo iliyotoka kwa mluzi ni sawa na zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa, yaani kama kuchoma lita 300 za petroli. Mtungi mmoja wa kawaida wa gesi hiyo, wenye kilo 13.6, ukimwagika wote ni sawa na tani 19. R-22, ambayo bado imo katika viyoyozi vingi vya zamani vya ofisi na hoteli, ni kali zaidi, na juu ya hapo inaumega ozoni.

Hasara haiishii angani. Mteja naye anaibeba mfukoni, ingawa wengi hawajui. Tumezoea kusema kiyoyozi "kimeishiwa gesi", kama vile gari linavyoishiwa mafuta. Lakini gesi ya kiyoyozi hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, kisha inarudi kuanza upya. Kama imepungua, imevuja mahali fulani. Anayejazwa gesi leo bila tundu kuzibwa atarudi baada ya miezi michache, atalipa tena, na gesi ile ya leo itakuwa imepanda mawinguni.

Kazi iliyo sawa ina mpangilio wake. Kwanza gesi iliyobaki inanyonywa na kuhifadhiwa. Kisha mabomba yanapimwa kwa naitrojeni kavu ili kujua panapovuja. Oksijeni haifai kabisa kwa kazi hii, kwani ikikutana na oili ya kompresa chini ya mgandamizo inaweza kulipuka. Tundu likishazibwa, pampu inavuta hewa na unyevu wote uliomo, kwa sababu maji yakibaki humo yatatengeneza asidi ya kuila kompresa. Mwisho gesi inajazwa kwa mizani, gramu kwa gramu, kama kibandiko cha mtengenezaji kinavyoagiza. Fundi mwenye geji peke yake, ambaye pampu yake ni kompresa iliyong'olewa katika friji kuukuu, anakisia, na anayelipia makisio hayo ni mteja.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko ya bili. Mwaka 2011 mafundi walikufa nchini Vietnam na Brazil wakihudumia makontena ya baridi. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye gesi iliyouzwa kwa jina la R-134a lakini ikiwa imechanganywa na nyingine ya bei rahisi, ambayo ikikutana na alumini ndani ya kompresa huzaa kemikali inayowaka ikiguswa na hewa tu. Kipo kifaa cha mkononi cha kutambua gesi iliyomo mtungini. Afisa wa forodha akiwa nacho pale Malaba, Namanga au Rusumo, mtungi wa udanganyifu unakamatwa. Asipokuwa nacho, anasoma maandishi ya boksi na kugonga mhuri. Na kwa kuwa soko letu ni moja, gesi mbaya iliyopenya mpaka mmoja imefika kote.

Wapo watakaosema hili ni suala la matajiri, maana Mwafrika wa kawaida hana kiyoyozi. Lakini mitambo ya baridi haikai kwenye ofisi za wakubwa tu. Sangara wa Ziwa Victoria kutoka Mwanza, Kisumu na Entebbe hawawezi kufika sokoni ng'ambo bila baridi. Vivyo hivyo maua ya Naivasha, maziwa ya Mbarara na chanjo za watoto katika zahanati za Burundi na Kongo. Mtambo mmoja ukizima usiku barabarani, mzigo wote wa lori umekwenda. Fundi wa mitambo hiyo amebeba uchumi wa watu wengi wasiomjua.

Nao muda hautusubiri. Chini ya Marekebisho ya Kigali, nchi zinazoendelea za kundi letu zilitakiwa zisiongeze matumizi ya gesi hizi kuanzia 2024. Mwaka 2029 zipunguze kwa asilimia 10, mwaka 2035 asilimia 30, mwaka 2040 asilimia 50, na mwaka 2045 asilimia 80. Kwa R-22 na ndugu zake hali ni ngumu zaidi: tulitakiwa kupunguza kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 kitakachobaki ni kiasi kidogo mno cha kuhudumia mitambo ya zamani. Kitu kikiadimika bei inapanda. Hoteli au hospitali itakayokuwa bado na mitambo ya R-22 wakati huo itapata wapi gesi?

Jibu limo ndani ya mitambo mizee inayotupwa leo. Itifaki ya Montreal haihesabu gesi iliyokwisha kutumika, ikanaswa na kusafishwa, kuwa sehemu ya matumizi mapya ya nchi. Kila kilo tunayoinasa ni kilo ambayo hatutaiagiza kutoka nje kwa dola. Tunayoiachia kwa spana ni akiba yetu wenyewe tunaimwaga.

Hapa ndipo ujirani wetu unapoingia. Mtambo wa kusafisha gesi chafu ikawa kama mpya unahitaji gesi nyingi ili ujilipe. Burundi peke yake au Sudan Kusini peke yake itahangaika kuupata mzigo wa kutosha, lakini nchi nane pamoja zinaweza. Vituo vichache vilivyopangwa vizuri kwenye njia kuu za Kaskazini na Kati vingetosha kuanzia, mradi kanuni za forodha ziruhusu mtungi wa gesi iliyotumika kuvuka kwenda kusafishwa na kurudi bila kuzungushwa.

Fundi naye ana mpaka wake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kufanya kazi Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo tayari wana makubaliano ya kutambuana kati ya baadhi ya nchi wanachama. Fundi wa baridi hayumo. Aliyefuzu VETA Tanzania akivuka kwenda Uganda au Rwanda anaanza kujieleza upya, wakati lori analolitengeneza limevuka bila maswali. Cheti kimoja cha Jumuiya chenye ngazi zake, kuanzia anayehudumia magari hadi anayehudumia mitambo mikubwa, kingemaliza hilo. Baadaye kingewezesha sheria nyingine: gesi iuzwe tu kwa mwenye cheti.

Cheti hicho kina haraka pia kwa sababu ya gesi mpya zinazoingia. Friji nyingi za kisasa zinatumia gesi za jamii moja na ile ya kupikia, ambazo hazichafui anga sana lakini zinawaka moto. Viyoyozi vipya vya ukutani vinatumia R-32, nayo inaweza kushika moto. Mashine ya kunyonya iliyotengenezwa kwa gesi zisizowaka haifai kwa hizi, kwani cheche moja inatosha kuleta msiba. Magari yaliyotumika kutoka ng'ambo nayo yataendelea kuja na gesi za aina nyingine. Fundi aliyejifunza kwa kutazama mwenzake miaka 15 iliyopita hawezi kuachwa ayagundue haya kwa kuungua.

Kuna pingamizi moja la haki. Afrika haikutoboa ozoni wala haikuipasha dunia joto kwa kiasi cha wenzetu, kwa nini fundi wa Tororo alipe? Hapaswi kulipa. Mfuko wa Kimataifa wa Itifaki ya Montreal ulianzishwa kwa ajili hiyo, na umekuwa ukizisaidia nchi zinazoendelea tangu 1991. Lakini mashine ikitolewa bila mafunzo, bila vipuri na bila mahali pa kupeleka gesi iliyonaswa, hukaa stoo ikipata vumbi. Nchi zetu zikienda kwenye mfuko huo na mpango mmoja, wenye vyuo, vituo na mashine kwa pamoja, zitakuwa na sauti kubwa kuliko kila moja kwenda na barua yake.

Gereji ndogo si lazima inunue mashine yake. Mafundi kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuimiliki kwa ushirika na kupokezana, kama wakulima wanavyopokezana trekta. Chuo cha ufundi kinaweza kuikodisha kwa siku.

Kila Juni mawaziri wetu wa fedha husoma bajeti, baada ya kukaa pamoja kupitia viwango vya ushuru wa forodha. Katika kikao kijacho waweke mezani orodha fupi: mashine za kunyonya gesi, pampu, mizani, vifaa vya kugundua uvujaji na vya kutambua gesi. Waondoe ushuru kwenye vifaa hivyo katika nchi zote nane kwa wakati mmoja. Wapige marufuku pia mitungi ya kujazwa mara moja na kutupwa, ambayo masalia yake huishia hewani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu 2007. Kisha mawaziri wa elimu na kazi waanze kuandika mtaala wa cheti kimoja. Hakuna kati ya haya linalohitaji mkataba mpya, kwa kuwa mkataba tunao na ulipitishwa nyumbani kwetu.