Uwazi Nao ni Sehemu ya Kitu: Maoni Juu ya Kufundisha Msongamano

Mara nyingi somo la msongamano hufundishwa kwa kanuni moja tu: tungamo gawanya kwa ujazo. Wanafunzi huikariri, wakakokotoa, wakapata alama. Lakini wakiulizwa ni vipi metali yaweza kupunguziwa uzito bila kupoteza nguvu zake zote, hunyamaza. Kwa maoni yetu, kunyamaza huko hutokana na njia ya kufundishia, si ugumu wa somo.

Tunapendekeza mfano wa povu la metali. Katika majivu ya vituo vya umeme vinavyochoma makaa ya mawe, hupatikana vijitufe vya kauri vilivyo vitupu ndani, vyepesi hata huelea majini. Mafundi huvijaza katika kalibu, kisha kwa kanieneo huipenyeza kati yao alumini iliyoyeyushwa, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ikishaganda, hupatikana kitu chepesi. Nacho kikigandamizwa, vijitufe hupasuka kimoja baada ya kingine na kumeza nguvu ya pigo.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya viwanda vya mbali, hayana nafasi katika shule isiyo na maabara. Hatukubaliani nao. Gololi, glasi na maji vyatosha. Mwalimu aijaze glasi gololi, amimine maji hadi ukingoni, kisha ayapime: yatakaribia sehemu 4 kwa 10 za ujazo wa glasi. Gololi ni mfano wa vijitufe, maji ni mfano wa metali. Sasa darasa likisie kabla ya kukokotoa: ikiwa kila sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, na ya vijitufe ni gramu 0.6, ya povu itakuwa gramu ngapi? Jibu ni 1.44, yaani zaidi kidogo ya nusu ya alumini. Halafu atumie vizibo badala ya gololi. Vitaelea, na wanafunzi wataeleza wenyewe kwa nini kukoroga tu hakumtoshi fundi.

Hatusemi kanuni iachwe; twasema ije baada ya swali. Yafaa wakufunzi wawape walimu-wanafunzi zoezi hili kabla hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi aliyekisia, akapima, akalinganisha, hatahitaji kukariri kwamba uwazi nao ni sehemu ya kitu.