Gari Imeshuka Meli, Spea Imebaki Japani



Leo tuna maneno juu ya gari. Hatusemi rangi wala viti vya ngozi, hayo mmeshayaona kwenye status za watu siku gari inatoka bandarini Malindi na ubani unafukizwa. Tunasema juu ya siku ile taa ya manjano yenye picha ya injini inapowaka kwenye dashibodi, na wewe mwanamke unaanza safari yako ya gereji.

Maoni yetu tunayatoa mapema, ili asiyekubali naye aendelee kusoma huku amenuna: dhulma kubwa inayotupata kwenye gereji na maduka ya spea inatokana na kutoandikiana. Gari ni chuma, itaharibika tu. Lakini pesa ya spea ikitoka mkononi bila ya karatasi, hapo ndipo ugomvi, viapo vya uongo na "njoo kesho" vinapoanzia.

Kwanza tuelewane hii "gari mpya" ni gari gani. Kwetu visiwani mpya maana yake imeshuka meli juzi. Kule Japani imeshatembea miaka kumi au zaidi. Wajapani wana ukaguzi wa lazima wa gari, gari ikiwa mpya kabisa inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi ule una gharama. Wengi wanaona bora wauze kuliko kulipa tena, na sisi tunapata gari safi, usukani kulia kama tunavyotaka, kilomita chache. Hiyo ni neema, alhamdulillah. Ila gari ile ilitengenezwa kwa ajili ya Mjapani anayeishi Japani. Hata redio yake inakusuta: masafa ya FM ya kule yanaanzia 76, yanaishia 90 au 95, ndiyo maana unazungusha weee stesheni za nyumbani huzipati mpaka fundi atie kifaa. Na skrini inakusalimia kwa Kijapani kila asubuhi, hujui inakuombea dua au inakwambia breki zimekwisha.

Sasa ikiwa redio tu iko hivyo, fikiria sensa, pampu na gia boksi.

Watu wengi wanaagiza spea kwa jina la gari na mwaka. "Nitafutie pampu ya maji ya Vitz ya 2008." Vitz gani, shoga? Jina moja, mwaka mmoja, injini zaidi ya moja. Iko ya KSP90 yenye injini ya lita moja, silinda tatu. Iko ya SCP90 ya 1.3, silinda nne. Ukinunua kwa jina tu unaweza kurudi nyumbani na kitu kizuri kabisa ambacho hakiingii. Namba ya chesisi ndiyo jina la kweli la gari yako. Iko kwenye kadi na iko kwenye kibati ndani ya boneti. Ipige picha leo hii, iweke kwenye simu. Muuza spea anayejua kazi yake atakuomba hiyo kabla hajainuka kwenye kiti, kwa sababu kwa namba ile anaingia kwenye katalogi na kupata namba ya spea yenyewe. Spea za Toyota, kwa mfano, mara nyingi zina namba na herufi kumi, tano, kistari, tano. Ukishakuwa na zile kumi, huna haja ya kubishana na mtu.

Jengine ni kujua gari yako ina ndugu gani. IST za mwanzo zina injini zile zile zilizomo kwenye Probox na gari nyengine chungu nzima, ndiyo maana spea zake unazikuta mpaka kwenye maduka madogo ya Mwanakwerekwe. Passo nayo imetengenezwa na Daihatsu, na Daihatsu wenyewe walikuwa wakiiuza kwa jina la Boon. Kwa hiyo ukiletewa kitu cha Passo kimeandikwa Daihatsu usianze kupiga kelele kuwa umetapeliwa, huenda ndicho chenyewe. Lakini zipo gari zisizo na ndugu hapa. Nzuri, za ajabu, milango inajifungua yenyewe, na mwenye kuuza anakwambia "hii wewe ndiye wa kwanza Unguja." Dada, kuwa wa kwanza Unguja si sifa. Maana yake hakuna iliyokufa ikakatwa ukapata mlango, na hakuna fundi aliyeifungua kabla yako.

Na msidhani Dubai itatuokoa kila mara. Ndugu zetu walioko Oman na Imarati tunawasumbua sana kwa "niangalizie Sharjah", na kweli kule masoko ya spea ni makubwa. Lakini Waarabu wanaendesha usukani kushoto, na gari nyingi hizi ndogo zetu hazikupata kuuzwa kule kabisa, zilikuwa za ndani ya Japani tu. Shemeji anazunguka juani siku nzima, anarudi mikono mitupu, na wewe unaona hakutaka kukusaidia.

Haya, hayo ni ya chuma. Tuje kwenye ya watu.

Mwanamke akiingia gereji peke yake, suali la kwanza si gari ina nini. Ni "mzee yuko wapi?" Mmoja wetu ni mjane, jawabu lake linawanyamazisha, lakini haliwafanyi wamweleze tatizo. Wapo ambao waume zao wako Muscat kikazi, wapo walioachwa, wapo ambao mume yupo na hajui kufungua boneti. Wote wanaambiwa "tutazungumza na mzee". Pesa lakini inapokewa kwetu, hiyo haina mzee.

Sisi tunashona sare za skuli, dada na mdogo wake na vijana wanne, cherehani sita. Gari kwetu ni mkono wa tatu. Wiki ya kufungua skuli mwaka huu tulikuwa na mizigo ya Makunduchi, ya Mkokotoni na ya hapa mjini, gari ikaanza kukata nguvu mlimani na taa ikawaka. Gereji tuliyoipeleka, hatuitaji, walisema ni sensa, Unguja haipo, inaagizwa Dar, Kariakoo, shilingi laki moja na themanini, wiki moja. Tukatoa pesa, tukaomba risiti, tukaambiwa "sisi ni Waislamu dada, ya nini karatasi?" Wiki ikawa mbili. Boti za Dar zinakwenda na kurudi kila siku, masaa mawili tu, lakini sensa yetu ilikuwa kama inakuja kwa jahazi na kaskazi imekata. Siku ya thelathini na nane ikafungwa. Taa ikazimika siku tatu, ikawaka tena. Tulipouliza sensa ya zamani iko wapi ili tulinganishe, ilikuwa imetupwa. Tulipomtafuta fundi mwengine mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, akatuonesha: sensa ni ile ile ya zamani, imesafishwa.

Mizigo ya sare tuliipeleka kwa gari za kukodi. Faida ya mwezi mzima iliishia huko. Na wapo watoto wa Makunduchi walioanza skuli kwa nguo za mwaka jana, mama zao walikuwa wamelipa tangu Novemba. Hao ndio tuliokuwa tunapokea simu zao, wala si fundi.

Lile neno, "sisi ni Waislamu, ya nini karatasi", ndilo lililotufanya tuandike leo. Limetukaa rohoni. Maana aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ile ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya nini? Ni ya kuandikiana. Deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wawepo mashahidi. Ikaachwa ruhusa kwa biashara ya mkono kwa mkono, unatoa pesa unapokea kitu hapo hapo. Masheikh wengi wanasema kuandika kule kunapendekezwa, hakukulazimishwa. Sawa, hatubishani na masheikh. Lakini baina ya kitu kisichokuwa lazima na kitu cha kuonewa aibu pana bahari. Fundi anayemwambia mteja kuwa karatasi ni dalili ya kutoaminiana kwa Waislamu amelipindua jambo juu chini.

Tena pesa ya spea inayoagizwa haimo katika mkono kwa mkono. Unalipa leo kitu cha wiki ijayo. Hayo mauzo fiqhi inayajua kwa jina, salam, na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipofika Madina aliwakuta watu wanalipiana matunda kabla ya msimu, akawawekea sharti kwamba kipimo kijulikane na muda ujulikane. Sisi tunatoa laki moja na themanini bila kujua ni spea mpya, kopi au mtumba, na muda ni "inshaAllah". Neno tukufu kabisa, limegeuzwa pazia la kujifichia.

Na kopi si haramu, jamani. Tunataka lifahamike hili. Spea ya mtumba iliyotoka kwenye gari iliyokatwa Japani mara nyengine ni bora kuliko mpya ya bei poa. Kosa ni kuuziwa kopi kwa bei na jina la orijino. Mnakijua kisa cha Mtume kutia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini kumerowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona. Boksi jipya lenye stika nzuri na ndani bushi la plastiki ndilo lundo lenyewe. Ndiyo maana fiqhi imempa mnunuzi haki ya kurejesha kitu chenye aibu iliyofichwa. Ile bango ya "mali ikiuzwa hairudi" dukani haifuti haki hiyo, hata ikiandikwa kwa wino mwekundu.

Tuwe waadilifu kwa mafundi pia. Wapo ambao wenyewe wanauziwa kopi na maduka, wanakuja kulaumiwa wao. Wapo wanaofanya kazi juani bila hata ya jeki la maana, na mteja anatoroka na gari usiku bila kulipa ufundi. Gari nyingi za sasa zina gia boksi ya CVT, haitaki mafuta ya gia ya kawaida, ina yake, na kila kampuni ina aina yake. Mteja anabana shilingi elfu thelathini, anamlazimisha fundi atie yoyote, gia boksi ikifa anakwenda kumsema barazani. Mafundi wa namna hiyo tumewasikia wakilia na wana haki yao. Karatasi inamlinda na yeye.

Tunajua wapo wanaocheka hapa. "Mafundi cherehani mnasema watu kwa njoo kesho!" Chekeni. Lakini mteja wetu akileta yadi tano na nguo ikala nne, ile moja anarudishiwa, hata vipande vya kutia viraka anarudishiwa. Hatusemi tumetupa. Basi na spea ya zamani ni mabaki ya kitambaa chako. Umeinunua pamoja na gari, ni yako, mwambie fundi tangu mwanzo kuwa utaichukua, hata kama ni plagi nyeusi. Weka kwenye mfuko, tupa mwenyewe nyumbani. Hatua hii peke yake ingetuokoa na ile sensa iliyosafishwa.

Tangu Februari tuna kitabu kidogo cha nakala mbili, vile vya kaboni, kinakaa ndani ya dashibodi pamoja na bima. Tunaandika wenyewe, fundi anatia sahihi, jani moja lake moja letu. Tarehe. Namba ya chesisi. Gari imekuja na tatizo gani. Spea gani, namba yake, na neno moja kati ya matatu: mpya, kopi, mtumba. Bei ya spea mbali, ufundi mbali. Pesa iliyotolewa leo. Siku ya kufika, na isipofika pesa inarudi siku gani. Spea ya zamani imerudishwa, ndiyo au hapana.

Mafundi watano tumewapa kalamu mpaka sasa. Wawili walikataa, mmoja wao kwa matusi, na gari tuliiondoa ikiwa bado inakata nguvu, tukaisukuma mpaka barabarani na mabaibui yetu. Watatu walitia sahihi. Mmoja kati ya hao alisoma kila mstari, akafuta neno "mpya" tuliloandika, akaandika "mtumba", akapunguza elfu arubaini kwenye bei. Yeye ndiye fundi wetu sasa. Anayetaka kujua gereji iko wapi atuulize akija kuchukua sare, lakini aje na picha ya chesisi.