MBEGA: USICHEKE, NI JINA LA KIFALME!

Leo nina jina la kiume lililoadimika: Mbega. Kama jina la ukoo utalisikia, lakini anayeitwa hivyo mwenyewe nimemjua mmoja tu, pale Korogwe. Masela wa stendi wanamtania eti kima, maana mbega ni mnyama wa porini pia.

Jamani, tusome! Kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichoanza kuchapwa mwaka 1895, kinasimulia kuwa Mbega alizaliwa Nguu, zamani wilaya ya Handeni, siku hizi Kilindi. Meno yake ya juu yalitangulia kuota. Kigego! Enzi hizo mtoto wa hivyo aliuawa, eti mkosi. Wazazi wake wakagoma. Baadaye ndugu wakamnyima urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwindia nguruwe. Usambara akawagawia watu nyama, wakamtawaza Vugha. Ukoo wake ulitawala mpaka uchifu ulipofutwa baada ya Uhuru.

Kwa hiyo mshikaji, wakikuita kima, waulize babu zao walilishwa nyama na nani! Nawe mama kijacho unayesaka majina kwenye sinema, mkumbuke kigego aliyekuwa mfalme.