Pareto safi ikamuliwe kwa njia safi

Kuanzia Elburgon hadi Molo na Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, maua meupe ya pareto yameanza tena kuonekana kandokando ya mashamba ya viazi na karoti. Kila inapozungumziwa habari ya kulifufua zao hili, mjadala huanzia kwenye miche na kuishia kwenye bei ya kilo. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini gunia likishapakiwa kwenye lori, dawa ya kuua wadudu iliyomo ndani ya ua hutolewaje? Naamini kwamba jibu la swali hilo lina uwezo wa kumtajirisha au kumfukarisha mkulima sawasawa na ubora wa mche alioupanda, na ndiyo maana linapaswa kuulizwa Elburgon, si kiwandani peke yake.

Dawa yenyewe, pirethrini, imejificha katika vijimbegu vilivyo katikati ya ua. Kilo mia moja za maua makavu hubeba kilo moja hadi mbili tu za pirethrini. Zilizobaki ni makapi. Kwa miongo mingi, njia iliyozoeleka duniani imekuwa kuyalowesha maua yaliyosagwa katika heksani, kimiminika kinachotokana na mafuta ya petroli, kisha kukichemsha kiondoke na kuacha utomvu mzito wenye dawa. Njia hii ni rahisi na inakamua vizuri. Hata hivyo, heksani hulipuka upesi ikikaribiana na moto, na mfanyakazi anayeivuta kwa muda mrefu huharibika neva za mikono na miguu. Tunalisifu ua hili mbele ya dunia kwa sababu sumu yake huoza haraka juani na haibaki mazingirani jinsi DDT ilivyobaki, halafu tunalipitisha kwenye bidhaa ya petroli. Ipo njia nyingine. Kaboni dioksidi, hewa ile ile inayotia mapovu kwenye soda, ikipashwa joto kupita nyuzi 31 na kubanwa kwa shinikizo la zaidi ya mara 70 ya hewa tunayovuta, hupenya ndani ya unga wa maua kama hewa na kuyeyusha kama mafuta. Shinikizo likilegezwa, hewa hujiondokea yenyewe na kuiacha dawa bila masalio ya kemikali. Joto lake ni la upole, jambo kubwa kwa pirethrini zinazoharibiwa na moto. Wajerumani waliitumia kutoa kafeini kwenye kahawa tangu miaka ya 1970, na Watasmania waliotupokonya soko la pareto huitumia katika kusafisha dawa yao.

Atakayepinga ataanza na gharama, na ana haki. Mitungi inayohimili shinikizo hilo ni ghali, na kujaza mtungi ghali kwa maua ambayo asilimia 98 ni makapi ni hesabu ngumu. Basi tusianze hapo. Tuanze na hatua ya kusafisha, ambako utomvu ni kidogo na mtungi mdogo unatosha, huku heksani ya hatua ya kwanza ikizungushwa bila kuvuja; kukamua maua mazima kufuate soko likikua. Mahitaji mengine ya mtambo yapo jirani. Kule Kereita, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kaboni dioksidi huchimbwa kutoka ardhini, na Olkaria, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru, imekuwa ikizalisha umeme wa mvuke tangu 1981. Wengine watauliza iweje hewa inayolaumiwa kwa kuipasha dunia joto iitwe safi. Mtambo uliotengenezwa vizuri huikusanya hewa hiyo na kuitumia tena na tena; inayopotea ni kiasi kidogo, nayo ipimwe na kutangazwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima mwenyewe: mimi nalipwa kwa maua, ya mitambo yananihusu nini? Mkulima huyu hasemi upuuzi. Kenya ilikuwa ikitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia, na watu waling'oa zao hili malipo yalipochelewa miaka nenda miaka rudi. Mtambo wowote usiolipa kwa wakati hautamrudisha mtu shambani. Lakini yanamhusu, tena mfukoni, hasa tukifikia kukamua maua mazima kwa kaboni dioksidi. Kilimo-hai cha Ulaya na Marekani huruhusu pareto, lakini hakiruhusu heksani katika kuandaa vyakula vyake. Mnunuzi wa namna hiyo ndiye mwenye sababu ya kulipia zaidi dawa isiyoguswa na petroli. Makapi nayo, ambayo hulishwa ng'ombe na kutengenezewa dawa ya mbu ya kuwasha, hayahitaji kufukizwa ili kuondoa harufu ya kiyeyushi. Na kwa kuwa ua hulipiwa kulingana na kiwango cha pirethrini, ukamuaji huanzia kwenye kitanda cha kuanikia. Maua yaliyochomwa na jua kali au kuachwa yakavunda katika mvua za Elburgon hayaokolewi na mtambo wowote. Kwa hiyo, kampuni inayogawa miche ya mkopo katika vyama vya ushirika igawe pia vikaushio vyenye kivuli na hewa, na kipimo cha pirethrini kisomwe mbele ya mkulima kabla gunia halijashonwa.