Vitamini kwa mgonjwa wa kisukari: ipi ni ya kweli, ipi ni ya mnadani?

Siku ya mnada, kabla jua halijawa kali, gari dogo lenye spika juu yake huegeshwa jirani na wauza mitumba. Muuzaji anaanza na maswali. Nani hapa miguu inamwaka moto usiku? Nani anasikia ganzi vidoleni? Nani anameza dawa za sukari miaka yote na bado hana nguvu? Mikono inanyooshwa mmoja mmoja. Ndipo chupa zinatolewa kwenye boksi.

Baba yangu mdogo alinunua chupa mbili. Ana kisukari tangu mwaka 2017 na anameza metformin asubuhi na jioni. Bei ya chupa zile ilikaribia madebe matatu ya mahindi kwa msimu ule, na mwezi huo hakwenda kliniki, kwa kuwa nauli ya kliniki ndiyo iliyonunua chupa ya pili.

Hayuko peke yake. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2025 kuwa watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na ugonjwa huu, zaidi ya milioni 24 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika. Penye wagonjwa wengi wa ugonjwa usiopona hapakosi soko, na leo soko hilo limefika mnadani, kwenye stendi za mabasi, kwenye makundi ya WhatsApp na hata kwenye matangazo ya redio. Bidhaa zinaitwa virutubisho, dawa lishe, vitamini za neva. Wasikilizaji wanatuuliza kama wazinywe kila siku au waziache.

Jibu la kweli lina sehemu mbili ambazo muuzaji hawezi kukupa zote. Ipo vitamini moja ambayo baadhi ya wagonjwa wa kisukari wanaihitaji kweli, na sababu yake inajulikana vizuri. Nyingine nyingi zinazouzwa kwa jina la kisukari hazijathibitishwa kushusha sukari kwa kiasi cha kutegemewa, na chache zinaweza kudhuru.

Tuanze na hiyo moja. Ni vitamini B12. Mwili unaihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Tunaipata kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Kwenye ugali, wali, maharage na mchicha haipo. Anayekula ugali na mboga za majani juma zima, na nyama akaiona sikukuu, anaipata kidogo tangu mwanzo.

Sasa inaingia metformin. Hii ndiyo dawa ya vidonge ambayo wengi wenye kisukari cha aina ya pili huanzishiwa, na inastahili nafasi hiyo: ni ya bei nafuu, imetumika miongo mingi, na ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Lakini kwa baadhi ya watu hupunguza uwezo wa utumbo kufyonza B12. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 390 waliokuwa wakitumia insulini. Kundi moja lilipewa metformin, jingine kidonge kisicho na dawa, kwa zaidi ya miaka minne. B12 ya waliomeza metformin ilishuka kwa asilimia 19 ikilinganishwa na wenzao. Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huu ni athari ya kawaida ya metformin, yaani unaweza kumpata hadi mtu mmoja kati ya kumi, na ukawataka wapime wenye dalili. Chama cha Kisukari cha Marekani nacho kinashauri wanaotumia metformin kwa muda mrefu wapimwe B12 mara kwa mara, hasa wenye upungufu wa damu au ganzi.

Kwa nini jambo hili linapita bila kuonekana? Kwanza, ini huhifadhi akiba ya B12 ya miaka kadhaa. Mtu anaanza metformin leo na akiba inaisha taratibu, hata dalili zinapofika hakuna anayekumbuka kuziunganisha na kidonge. Pili, dalili zenyewe zinafanana na za kisukari: ganzi, miguu kuchomachoma, kuyumba gizani, uchovu, kusahau. Mgonjwa akisema miguu inawaka, jibu la haraka ni "hiyo ni sukari, mzee." Mara nyingi ni kweli. Lakini mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari ni vigumu kuirudisha, wakati iliyoumizwa na ukosefu wa B12 inaweza kupona ikiwahiwa. Ikichelewa, ganzi inabaki, na mguu usiosikia msumari ndio mguu unaoishia na kidonda.

Walio katika hatari zaidi ni waliotumia metformin miaka minne au zaidi, wanaotumia dozi kubwa ya miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa siku, wazee, wasiokula vyakula vya wanyama, na wale wanaomeza pia omeprazole kwa ajili ya vidonda vya tumbo kwa muda mrefu. Hawa wa mwisho ni wengi kuliko tunavyodhani, maana omeprazole siku hizi inanunuliwa dukani kama peremende.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa sauti kubwa: usiache metformin kwa sababu ya makala hii. Sukari isiyodhibitiwa inaharibu macho, figo na miguu kwa kasi kuliko upungufu wa B12, na upungufu huo una tiba nyepesi. Ni sindano, au vidonge vya B12 vya dozi kubwa. Dawa ya sindano iitwayo hydroxocobalamin imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kama ilivyo metformin yenyewe. Haihitaji kutafutwa kwenye chupa yenye picha ya simba.

Tatizo ni kipimo. Zahanati nyingi hazina uwezo wa kupima B12, na hata hospitali ya wilaya inaweza kukutuma mkoani. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni picha kamili ya damu. Ikionyesha chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, daktari anapata dokezo. Ikiwa sawa, bado haimaanishi kuwa B12 inatosha, kwa hiyo daktari anaweza kuamua kutibu kwa kuangalia dalili na historia ya dawa. Ndiyo maana maneno yako mwenyewe yana uzito: sema umetumia metformin tangu mwaka gani, dozi gani, na ganzi ilianza lini.

Tahadhari nyingine hapa. Ukipungukiwa damu, mara nyingi unapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi. Kama chanzo ni B12, damu inaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Mwambie anayekupa kwamba unatumia metformin.

Na "vitamini za neva" je, zile zenye B1, B6 na B12 pamoja? Watu wengi wanazimeza miezi na miezi bila kuandikiwa. Ni kweli zina B12. Lakini B6 mwilini inahitajika miligramu moja na kidogo kwa siku, na baadhi ya vidonge hivi vina miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja. B6 nyingi kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuleta ganzi na kuchomachoma. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilishusha kiwango cha juu cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku. Mtu anaweza kuwa anatibu ganzi kwa kidonge kinachoongeza ganzi, na kadiri inavyozidi ndivyo anavyoongeza dozi.

Kuhusu vingine nitakwenda haraka. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,423 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa uniti 4,000 kwa siku hazikuwakinga kwa kiwango cha kutegemewa. Kromiamu husifiwa sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Mdalasini kwenye chai hauna shida. Kijiko cha unga wake kila siku ni jambo jingine, kwa sababu aina iitwayo kasia, ambayo ndiyo imejaa sokoni, ina kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini. Mlonge ni mboga nzuri, na uwatu unaweza kushusha sukari kiasi. Lakini ukichanganya unga wa uwatu na glibenclamide, halafu ukachelewa kula shambani, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Mwenye figo dhaifu aogope virutubisho vya magnesiamu na potasiamu. Dawa za maji za vitamini mara nyingi zimetiwa sukari, na vile vidonge vinavyochemka kwenye glasi vina sodiamu ambayo mwenye presha haihitaji.

Kuna hatari nzito zaidi, nayo ni ya chupa "inayofanya kazi kweli." Kirutubisho kikishusha sukari kwa kishindo ndani ya siku tatu, uliza kuna nini ndani. Mwaka 2008 hospitali za umma za Singapore zilipokea watu 150 wasio na kisukari ambao sukari yao ilikuwa imeshuka vibaya. Ilibainika kuwa baadhi yao walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume na za mitishamba zilizochanganywa glibenclamide kwa siri. Wanne walifariki. Kama hilo lilitokea Singapore, penye maabara na ukaguzi mkali, mnadani kwetu hakuna sababu ya kujiona salama.

Wengi hujifariji kwa nembo ya chupa: "imesajiliwa." Imesajiliwa kama nini? Tanzania, tangu mwaka 2019, kazi ya kudhibiti chakula na vipodozi ilihamia TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba. Tiba asili zina baraza lake, chini ya sheria ya mwaka 2002. Kitu kilichokubaliwa kama chakula kimeangaliwa usalama na ubora wake wa chakula. Hakuna aliyethibitisha kwamba kinatibu kisukari. Muuzaji anapotoka kwenye "lishe" na kuingia kwenye "tiba", ameruka uzio ambao mnunuzi hauoni.

Lakini kumlaumu muuzaji pekee si haki. Yeye anafika kijijini na anasikiliza. Kliniki ya kisukari iko mbali, foleni ni ndefu, na mgonjwa anaonana na daktari dakika chache. Ganzi ya miguu haiulizwi, viatu havivuliwi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala mkubwa umekuwa wa michango na vitita. Kwa mgonjwa wa kijijini swali ni dogo zaidi: je, siku yangu ya kliniki kuna mtu atakayegusa miguu yangu, na je, sindano ya B12 itakuwepo dirishani?

Hadi hapo, beba chupa zako zote kliniki, hata zile unazoona aibu kuzitaja. Uliza maswali matatu: Nimetumia metformin miaka hii yote, je, B12 yangu iko sawa? Kuna kitu kati ya hivi kinachogombana na dawa zangu? Naomba uniangalie miguu.

Baba mdogo aliuliza la kwanza, baada ya mimi kumsumbua kwa simu wiki tatu. Picha ya damu ilionyesha chembe kubwa. Akaanzishiwa sindano, za karibukaribu mwanzoni, kisha moja kila baada ya miezi mitatu. Ganzi ya mikono imepungua na anaweza kufunga vifungo vya shati bila kuangalia. Ya miguu bado ipo, na daktari alimwambia wazi kwamba sehemu yake huenda ni ya sukari yenyewe. Chupa ya pili hajaifungua. Anasubiri yule bwana wa mnadani arudi, amrudishie hela.