MAJANI MAKUBWA SEBULENI: PAMBO NA HATARI YAKE

Nyumba ya askari mara nyingi huwa ndogo, na mwenye kuishi humo hajui atakaa hapo kwa muda gani. Hata hivyo, udogo wa nyumba haumzuii mama kuipamba. Mmea mmoja wenye majani makubwa, ukitunzwa vema, hupendeza sebuleni kuliko maua mengi ya plastiki yaliyojaa vumbi.

Mimea inayopendwa zaidi kwa kazi hii ni ya jamii moja na magimbi. Monstera, yenye majani mapana yaliyochanika na kutoboka, asili yake ni misitu ya Mexico hadi Panama. Difenbakia, yenye majani ya kijani na madoa meupe, na kaladi, yenye majani ya umbo la moyo, nazo zimetoka katika nchi za joto za Amerika. Kwao, mimea hii huota chini ya kivuli cha miti. Ndiyo sababu huvumilia kukaa ndani. Lakini kuvumilia kivuli si kupenda giza. Iwekwe karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha ila jua kali lisiunguze majani. Monstera ikikosa mwanga, hutoa majani madogo yasiyo na matundu.

Chungu si lazima kinunuliwe dukani. Kopo kubwa la maziwa au debe la mafuta lafaa, mradi litobolewe chini. Udongo mweusi uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza sawasawa, ili maji yasituame.

Mimea mingi ya nyumbani huuawa na maji mengi, wala si kiu. Kabla ya kumwagilia, kidole kitiwe udongoni hadi kiungo cha pili. Kikikuta unyevu, maji yangoje. Majani yakigeuka manjano na shina likawa laini karibu na udongo, huenda mizizi imeanza kuoza. Maji yanayobaki katika kisahani yamwagwe upesi, maana mbu hutaga humo. Majani yapanguswe vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Sasa lipo jambo ambalo kila mzazi yampasa kulijua. Aliyewahi kuonja gimbi bichi anajua jinsi linavyowasha koo. Ndani ya monstera, difenbakia na kaladi mna chembe kama hizo, nyembamba mfano wa sindano, zinazochoma ulimi na midomo. Ng'ambo difenbakia imepewa jina la fimbo ya bubu, kwa kuwa anayeitafuna ulimi huweza kuvimba hata ashindwe kusema. Gimbi hupikwa likawa chakula. Mmea wa sebuleni haupikwi, na mtoto anayetambaa hutia kinywani kila anachokiona.

Mtoto akitafuna jani, vipande vitolewe kinywani kwa kitambaa chenye maji, kinywa kisuuzwe, kisha anyweshwe maji baridi au maziwa kidogo kidogo. Asitapishwe. Utomvu ukiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi kwa dakika 15, kisha apelekwe kwa mganga. Ulimi ukivimba, au mtoto akishindwa kumeza au kupumua, akimbizwe hospitali mara moja, na jani lichukuliwe ili mganga alione.

Kwa hiyo, penye watoto wadogo mimea hiyo iwekwe juu wasikofika. Lililo bora zaidi ni kuchagua maranta au kalathea, ambazo majani yake yana michirizi ya kupendeza kama batiki, wala hazihesabiwi kuwa na sumu. Hizo hutaka udongo usikauke kabisa.

Uhamisho nao usiwe sababu ya kukata tamaa. Tawi la monstera likatwe chini ya kifundo chenye mzizi wa hewani, lifungwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kusafirishwa pamoja na vyombo. Huko waendako litiwe majini hadi litoe mizizi, ndipo lipandwe. Aliyelikata anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.