Video Yako ya Sola Imeua Betri ya Binamu Yangu

Wasee, hii maneno tuimalize leo. Kila stima ikipotea mtaani, kuna mjuaji anaposti video ya sekunde 30: "Chukua betri ya gari, funga paneli moja kwa moja, taa ndio hiyo!" Likes elfu mbili. Makofi.

Mwezi wa tatu hakuna kamera. Mimi nimeuona huo mwezi wa tatu. Binamu yangu ana kinyozi. Alifuata hiyo video, akafunga paneli ya wati 100 bila kontrola kwa sababu aliambiwa kontrola ni mapambo. Betri ilivimba kama mandazi, duka likanuka mayai viza, wateja wakahepa.

Si bahati mbaya, ni hesabu. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi 12. Ipime ikiwa haijafungwa kitu, jua la saa saba, utapata 21 hivi. Betri inataka kuchajiwa kwa volti 14.4 hivi, na ikijaa ishushiwe. Kazi ya kontrola ndiyo hiyo. Bila hiyo, paneli inaendelea kusukuma hadi maji ya betri yanageuka gesi, na moja ya hizo gesi ni haidrojeni. Cheche moja tu inatosha. Sasa weka hiyo kwa bedsitter, jiko likiwa kando.

Kapaneli ka wati 5 ka kulinda betri ya gari lililoegeshwa, sawa. Wati 100? Zii.

Na hata ukiwa na kontrola, betri ya gari iliundwa kuamsha injini sekunde chache, kisha ijazwe tena. Ukiikamua kila usiku na TV, haitoboi.

"Betri ya sola ni ghali!" Najua. Binamu yangu pia alisema hivyo, sasa ananunua betri ya pili. Rahisi ni ghali.

Kama ya gari ndiyo uko nayo tu, sikucheki. Nunua kontrola kwanza, funga betri kabla ya paneli, iweke penye hewa, na usiimalize hadi taa zififie.

Na wewe wa video: rudi mwezi wa tatu utuonyeshe hiyo betri. Tunangoja.